Ngokela ya Laptopu ya Mwalimu Hamphrey

Jumapili, 1 Agosti 2004

Siku kubwa. Baada ya Misa, Violet alinisubiri nje ya kanisa pamoja na baba yake. Mwalimu Hamphrey, mstaafu, amepanda kutoka Lipingo, kule ziwani, na lori la samaki, lakini suti imenyooka utadhani aliletwa na ndege. Nikamwamkia mpaka goti likagusa vumbi. Aliitikia marahaba huku akinikagua viatu.

Barua yangu ya posa ilikwenda ziwani tangu Pasaka. Leo nilidhani imejibiwa. Wao ni Waanglikana, sisi Wakatoliki, lakini hilo Padre na kasisi wao watalimaliza. Kumbe hakuleta jibu. Ameleta laptopu.

Ni ya zamani, nzito, imefungwa kwenye kitenge. Kijana wake aliyeko Dar alimwachia alipopata mpya. Mwalimu anaandikia humo historia ya ukoo wake, mwaka wa nne sasa. Ila imechoka. Anasema anaandika neno, anakunywa chai, ndipo neno linatokea. Akauliza kama ni kweli mimi ni fundi wa kompyuta, maana bintiye ndivyo alivyomwambia.

Nikasema ni kweli. Hata kibao cha mlangoni pangu kinasema: V. Ndunguru, Mtaalamu wa Kompyuta. Ndani nina mashine ya fotokopi, taipureta, na cheti cha kozi ya Songea, ambako kompyuta nzima ilikuwa moja na tulikuwa wengi. Nikamweleza Mwalimu dawa yake: kuongeza memori na kubadilisha ile wanayoiita hadi diski. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kwa Pankras.

Pankras ana duka la kompyuta karibu na langu, pale stendi. Hakuitwa, akaja. Akasema aletewe yeye, mchana mmoja inatosha. Nikamwambia Mwalimu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikaomba wiki. Akakubali. Jumapili ijayo, Nane Nane, atarudi na wazee wawili kuchukua laptopu na kutoa jibu la posa. Sijui kwa nini aliyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja.

Jumatatu, 2 Agosti

Nimeigeuza laptopu chali. Skrubu ndogo kama punje za ulezi. Bisibisi yangu ni ya fotokopi, haiingii. Nikajaribu ncha ya kisu. Ncha ikakatika, skrubu haikushtuka. Kisu ni cha dada Scholastica. Nyumba pia ni ya dada Scholastica. Alisema mengi, mengine kwa Kimatengo.

Memori nimeagiza ng'ambo. Zabron, binamu yake Violet, huvuka na meli kwenda Malawi na kurudi na vitenge na vipuri vya redio. Tangu biashara ilipofunguliwa, hakuna kinachokosekana huko. Ujumbe umekwenda na dereva wa lori: alete memori ya kompyuta, kubwa kuliko zote. Ukiagiza kidogo watu wanakudharau.

Jumanne, 3 Agosti

Wazo limekuja nikiwa napiga mswaki. Nilikaribia kulimeza.

Hapa kwetu Umatengo, mtu akizidiwa na kazi anapika pombe, anaita ngokela. Majirani wanakuja na majembe, kila mtu anapimiwa kipande chake, wanaimba, shamba linaisha kabla jua halijawa kali, ndipo wanakunywa. Sijawahi kuona mlima ulioishinda ngokela. Laptopu ni nini? Inakaa mapajani.

Tena pombe ipo. Dada ameshaanza kupika kwa ajili ya ngokela ya kuchuma kahawa ya shamba lake la Kitura Jumamosi. Nikamwomba anipe hiyo. Akasema kahawa imeiva, inadondoka. Nikasema kahawa itangoja, mkwe hangoji. Akauliza nikioa nitaishi wapi. Nikasema nitapanga chumba mjini. Alitazama vitabu vyangu vilivyojaa sebuleni mwake, kisha akasema nichukue pombe yote. Upendo wa dada ni kitu kikubwa.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimealika mafundi. Ignatio wa redio. Bernadi wa saa. Othmar anayetengeneza mashine za kumenyea kahawa. Yeye aliuliza kama laptopu ina mpini. Nimewaambia wazi kazi ni nini: kufungua laptopu ya mkwe wangu. Majirani wengine wamejialika, na kwenye ngokela humfukuzi mtu. Pankras sijamwambia. Akisikia, asikie.

Memori haijafika. Dereva anasema meli imechelewa.

Jioni Violet alipita akitoka shuleni anakofundisha. Akaniuliza kama laptopu iko salama. Nikasema iko salama kuliko mimi. Hakucheka. Akasema mlango wa diski za kunakilia uliharibika zamani, na baba yake hajawahi kuchapa hata ukurasa mmoja. Kitabu chote kimo humo tu. Majina ya mababu aliyapata kwa wazee, na wale wazee karibu wote wameshazikwa.

Niliogopa. Naandika humu kwa sababu hakuna atakayesoma: niliogopa mpaka uji wa jioni ukanishinda. Nilifikiri kumpelekea Pankras. Nikafika hadi mlangoni kwake. Alikuwa anapiga mluzi. Siwezi kumpelekea mali ya mkwe mtu anayepiga mluzi kwa furaha namna ile. Nikarudi.

Ijumaa, 6 Agosti

Dada ameonja pombe. Anasema kesho ndiyo siku yake, keshokutwa itakuwa siki. Memori bado. Nikasema basi tuahirishe. Dada alinitazama kama nimetukana ukoo. Watu wameshaalikwa, pombe imeshaiva. Nani amewahi kuahirisha ngokela?

Nimejituliza. Kufungua ni nusu ya kazi. Memori ikija itakuta mlango wazi.

Jumamosi, 7 Agosti

Walikuja kabla umande haujakauka. Tuliweka laptopu juu ya meza uani. Ignatio alitaka kuanza peke yake, wenzake wakakataa: ngokela ni vipande. Nikawapimia. Kioo, Othmar. Sehemu ya herufi, Ignatio. Tumbo, Bernadi, ambaye bisibisi zake za saa ziliingia kila mahali bila shida. Waliobaki walishika kile kilichotolewa. Wimbo ukaanzishwa. Ni ule wa kulimia, lakini ulifaa.

Sijapata kuona kazi ya haraka vile. Chai haijapoa, laptopu imekwisha. Hakuna kilichobaki kimeshikana na kingine. Nilisimama katikati yao nikajisikia mtu mkubwa.

Pombe ikatoka. Wakanywa. Nikawaachia wapumzike, kisha nikasema sasa tufunge.

Bernadi akajiongezea pombe.

Othmar, ambaye ndiye mkubwa, alinieleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. Baada ya pombe hakuna mtu anayerudi shambani. Na kazi waliyoitiwa ni kufungua. Kufunga ni ngokela nyingine. Wote wakaafiki. Nami nilijua kwamba anasema kweli, nimezaliwa hapa, hata mimi kwa watu wengine nimewahi kusema hivyohivyo. Dada naye aliafiki, kutoka jikoni, ambako hakuulizwa.

Wakaenda zao wakiimba. Skrubu wakaenda nazo mifukoni, kila mtu za kipande chake, zisije zikapotea.

Vipande nimevitandaza kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, nikafunika kwa gunia. Alasiri nikamkuta kuku juu ya kichanja. Nimehesabu herufi zote. H haipo. Jina la Mwalimu linaanza na H.

Jioni Zabron akafika na memori! Ameificha ndani ya kapu la dagaa wa ziwani, usipa wakavu, isilowe. Ni kubwa kweli, kama nilivyoagiza. Ni ndefu kuliko nafasi yake. Zabron anasema ni ya kompyuta ya mezani, mimi sikusema ya ipi. Inanuka usipa. Sasa hata mikono yangu.

Jumapili, 8 Agosti (Nane Nane)

Niliwahi Misa ya kwanza kuomba. Niliporudi, wageni walikuwa wameshafika. Mwalimu Hamphrey alikuwa amesimama mbele ya kichanja, gunia liko chini, wazee wawili nyuma yake, Violet pembeni.

Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Yote yalipotea. Nikasema shikamoo Baba, kazi tuliyoitiana jana ilikuwa ya kufungua, kufunga ni siku nyingine.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza kabisa. Aliinama, akatazama vile vipande kimoja kimoja, akauliza kwa sauti ndogo kitabu chake kiko kwenye kipi.

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha betri.

Violet aliondoka. Akarudi na Pankras. Pankras hakupiga mluzi leo, hilo nitamhesabia. Akachagua kipande kilichokuwa karibu na parachichi mbili ambazo dada aliziweka hapo ziive, akakipangusa kwa shati lake, akasema kitabu kimo humu. Tukamfuata mpaka dukani kwake, mstari mmoja, kama tunakwenda kuzika. Akakichomeka kwenye kompyuta yake ya mezani. Mimi niliomba kwa watakatifu wote, na kwa kuwa wageni ni Waanglikana niliomba kimoyomoyo.

Kitabu kikafunguka. Palepale, bila chai.

Mwalimu akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Babu wa babu yake anashuka mlimani na mbuzi wawili, anaona ziwa kwa mara ya kwanza, anadhani ni mbingu imeanguka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Mzee mmoja akasema soma tena hapo penye mbuzi. Akasoma tena. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya kibao changu. Nililia kidogo. Sikujua kwamba kitabu ni kizuri.

Nyumbani dada alikuwa amewachinjia wageni kuku. Firigisi ni ya mkwe, hilo linajulikana. Dada alipoipasua aisafishe, akakuta H. Ameiosha, akaiweka kwenye kisahani, akampelekea Mwalimu pamoja na firigisi. Mwalimu akaitia mfukoni mwa koti. Akala firigisi.

Baada ya chakula nilikaa mkao wa kupokea jibu. Mzee mkubwa akakohoa. Akasema posa yangu wameizungumza, na kijana ana heshima. Lakini leo walikuja kufungua mazungumzo. Kufunga ni siku nyingine.

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Violet aliinamia kanga yake, mabega yanatetemeka. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Jumamosi, 14 Agosti

Wiki ngumu. Nimepita nyumba hadi nyumba kukusanya skrubu. Ignatio alizitunza vizuri. Za Othmar zilishaingia kwenye mashine ya kahawa ya mtu wa Kitura, na zinafanya kazi vizuri, hataki kuzitoa. Pankras alifunga laptopu Jumatano, palipokosa skrubu akatia gundi. Imerudi ilivyokuwa. Mwendo ni uleule, ila sasa ina harufu. Mwalimu ameipokea. Anasema neno likichelewa anapata muda wa kulifikiri, na kitabu amekiacha pia kwa Pankras, nakala mbili. Pankras anaitwa mwanangu. Mimi bado naitwa kijana.

Leo dada amefanya ngokela yake ya kahawa, kwa pombe mpya. Nimepimiwa kipande chenye mteremko mkali kuliko vyote. Kahawa nyingi imeshadondoka, nimeiokota kwa magoti. Violet alikuja kusaidia, akachuma jirani nami. Aliniambia kwamba baba yake atarudi tukimaliza mavuno, na hajakasirika kama ninavyodhani. Anachotaka yeye Violet ni kimoja tu: siku nyingine nikiulizwa jambo nisilolijua, niseme sijui. Alisema kwa upole. Nilimwahidi kutoka moyoni. Nilikuwa na furaha mpaka kikapu kikanimwagikia.

Jioni, njiani, nimekutana na Padre. Analalamika kompyuta ya ofisi ya parokia imekuwa nzito. Ni ya mezani. Nami nyumbani nina memori ndefu ya mezani, imekaa bure. Hii si bahati, ni mpango wa Mungu. Padre akauliza kama kazi hiyo naijua.

Nimemwambia wiki moja.

Na safari hii nimejifunza, sirudii kosa. Nimewatangazia Othmar na wenzake kazi zote mbili kwa pamoja, kufungua na kufunga. Dada amekataa kupika, kwa hiyo napika mwenyewe. Madebe mawili, haki kwa haki: la kufungua tutakunywa saa nne asubuhi, na tukishalimaliza tunaanza kufunga.