Yah: Kurudishiwa Mke Wangu Kutoka Chini ya Gari

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila mimi si sana. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili mzee aliyenikabidhi binti yake mbele ya watu, na ningeomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Macho yalipoanza kukusumbua, ulimpa binti yako lile gari lako la michezo, jekundu, la viti viwili, la enzi za ujana wako. Ulisema ni zawadi ndogo tu. Baba, mbele lilikuwa limechoka: bushi, zile raba za kwenye maungio ya miguu yake, zimekufa, boljointi zinacheza, na usukani unauzungusha weee ndipo gari lianze kufikiria kukata kona. Kusema kweli nilifurahi. Nilijua halitafika mbali. Lakini binti yako, uliyemshikisha spana kabla ya penseli, alilipandisha juu ya magogo uani na kulifumua lote mbele. Tangu hapo nina malalamiko yafuatayo:

1. Meza. Mimi ni fundi cherehani, na meza ya kukatia ndiyo shamba langu. Sasa imelaliwa na springi mbili na boksi la usukani lililopasuliwa matumbo. Suruali ya bwana harusi nimeikatia juu ya mashine ya kufulia. Mguu mmoja ulitoka mfupi. Kaoa nayo hivyo hivyo, lakini hanisalimii.

2. Grisi. Ipo kwenye taulo, kwenye mto, kwenye rimoti. Sitaki kuendelea na kipengele hiki.

3. Vifaa vyangu vya kazi. Alipomaliza kufunga bushi mpya, alitaka kuhakikisha magurudumu ya mbele yanatazama njia moja, si kila moja linatazama kwao. Wenzake hupeleka gari kwenye mashine ya kupimia. Yeye kavuta uzi wangu mzuri wa nailoni kutoka nyuma ya gari hadi mbele, pande zote mbili, akapima kwa utepe wangu, akaweka alama chini kwa chaki yangu. Nilipouliza kulikoni, akaniambia nisiukanyage uzi. Hayo ndiyo mazungumzo marefu tuliyofanya wiki ile.

4. Maneno. Zamani aliniita kwa majina ambayo heshima yako hainiruhusu kuyaandika hapa. Sasa utamu wote unaishia chini ya gari. Nimemsikia kwa masikio yangu akiibembeleza nati iliyoshika kutu: njoo mama, taratibu, usinitese. Mimi nikisusa chakula, kinafunikwa. Naionea wivu nati, Baba, wala sioni haya kusema.

5. Kudhalilishwa. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumapili alilishusha gari likasimama kwa magurudumu yake, akanipima kwenye mizani ya bafuni, akatikisa kichwa, akaniketisha kiti cha abiria. Kiti cha dereva akakipakia ndoo za mchanga. Nilikaa humo asubuhi nzima bila ruhusa ya kujikuna, yeye yuko chini anakaza bolti. Jirani akapita, akauliza tunaelekea wapi. Nikamwonyesha ndoo, amuulize dereva. Jamani! Mume wa ndoa nimewekwa kundi moja na mchanga!

Kwa mtiririko huo, Baba, gari hili sasa ni mume mwenzangu, tena mkubwa, maana lilimjua kabla yangu. Kwa kuwa ni wewe uliyetuoza sote wawili, naomba uamue. Ulichukue gari lako, au unichukue mimi; nitakuja na cherehani yangu, na kile chumba cha wageni kinanitosha. Hofu yangu ni moja na naisema wazi: gari hili likipona, atawasha aondoke zake, na mimi nitabaki uani natazama magogo.

Nisalimie Mama Mkwe, mashemeji wote kwa ukubwa wao, na yeyote hapo nyumbani atakayeuliza habari zangu kwa nia njema.

Ni mimi, mkweo mtiifu hadi sasa,
Fundi Cherehani.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha alipolitoa kwenda kulijaribu, peke yake. Karudi kanuna. Anasema bushi zile hukazwa gari likiwa limebeba watakaolipanda, naye alikaza kwa uzito wa watu wawili: mchanga ulikuwa ni yeye, na mimi nilikuwa mimi. Bila mimi linavutia upande. Nimemuuliza kama hawezi kulifungua tena alirekebishe limfae peke yake. Kasema anaweza, ila ya nini?

Baba, hilo ombi nimelifuta, gari halirudi. Samahani kwa mwandiko, ananipigia honi.