Kitufe Kilichozama Chini ya Skrini

Jumatatu, 4 Machi
Programu ya kusajili wagonjwa imekamilika! Dirisha moja tu, pana, limeijaza skrini yangu ya nyumbani ukingo kwa ukingo. Ijumaa daktari mwenye zahanati ataamua: achukue yangu au ya Profesa. Profesa ni jina la utani, mpinzani wangu tangu chuoni. Dirisha lake linajikunja na kujikunjua. Nimemhurumia.

Jumanne, 5 Machi
Nimeipeleka zahanati kuijaribu. Skrini ya mapokezi ni ndogo, kuukuu. Dirisha likafunguka, kitufe cha Hifadhi hakipo. Kimezama chini ya ukingo! Mama wa mapokezi akauliza kama mgonjwa amwandike au amkariri tu. Foleni nzima ikacheka, hata aliyekuja na jino bovu. Profesa, aliyekuwapo kuijaribu yake, kwa kiherehere chake akanishauri programu iiulize skrini ukubwa wake kwanza, ndipo dirisha lijipange. Iulize! Mwanamume mzima nikapige hodi kwa kioo?

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu ni fundi cherehani. Nimeazima utepe wake wa kupimia, kwa siri. Nimepima skrini ya mapokezi mara tatu, nikakokotoa, nikapachika namba zilezile kwenye programu. Imekaa! Kitufe chote kinaonekana. Wenye wivu wajinyonge.
Jioni mke wangu akaukuta utepe mfukoni. Akasema hata gauni huachiwa pindo, maana mwili haukai saizi moja. Nikamjibu kwamba skrini hazinenepi.

Ijumaa, 8 Machi
Imenenepa! Daktari, kwa kuiheshimu siku, kanunua skrini mpya, kubwa kama meza. Dirisha langu likajibanza pembeni kama stempu. Mama wa mapokezi akasogeza pua hadi kioo kikaingia ukungu. La Profesa likatanuka mpaka kwenye kona zote nne. Daktari akampa kazi palepale, mbele yangu. Niliumia, sitadanganya. Hata chai sikuimaliza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelala, nimeamka, nimeelewa. Kosa ni la skrini! Programu haina doa. Jumatatu nina miadi na daktari wa meno, naye anataka programu ya kusajili wagonjwa. Safari hii nakwenda na skrini yangu ya nyumbani, mgongoni. Mke wangu amekubali kunishonea mfuko wa kuibebea. Kauliza vipimo. Nimemwambia akate tu kwa macho, skrini itajipanga yenyewe humo ndani.