Treni ya Mkebe Kupanda Mwatate

Wasee, leo nimejianika. Nimejianika mbele ya soko nzima ya pale kwa reli hapa Voi, na wale hawakuwepo wameshaonyeshwa kwa simu. Kwa hivyo acha niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa ile ya kuongezwa chumvi. (Ingawa sidhani kuna mahali pa kuweka chumvi ingine.)

Kwa wale hamnijui, mimi ni Mwadime, kijana wa kuziba pancha pale stage ya bodaboda, karibu na line ya zamani. Shule niliachia darasa la nane. Lakini niulize treni. SGR, ile treni ya reli mpya, ikipita kule juu, mimi nikiwa nimefunga macho nakwambia kama imebeba watu ama makontena. Hata niko na daftari, naandika kila treni yenye imepita, siku na saa. (Ndiyo, daftari. Wewe ukiandika matokeo ya mpira si tunakuheshimu?)

Sasa hapa kwetu line ya zamani inapita katikati ya soko, na kwa vile treni yake ni ya kuonekana mara moja moja, kina mama wanaanika vitu mpaka juu ya vyuma. Nyanya, mitumba, dagaa wa omena, vitunguu. Honi ikilia, kila mtu anabeba chake. Treni ikipita, kila mtu anarudisha chake. Wamezoea mpaka wanabeba huku wakiendelea kukurudishia chenji.

Kila Jumamosi Mzee Mghanga anakuja kununua nyanya kwa Mama Wakesho. Huyu mzee alikuwa dereva wa treni, dereva kabisa, ile line ya Taveta ikiwa na uhai. Voi, Mwatate, Bura, Maktau, mpaka Taveta. Amestaafu kitambo lakini kofia yake ya kazi bado anayo. Nyeusi, mdomo wa mbele unang'aa, na beji ya shaba. Anaivaa akija kununua nyanya, nyanya zenyewe zinasimama wima.

Hiyo kofia nimeitaka kuliko vile nimewahi kutaka kitu. Wajukuu wa mzee hawana haja nayo. Mwaka jana nikamwomba. Akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele, akasema:

"Kijana, nitengenezee treni ya kupanda kutoka Voi mpaka Mwatate bila kusukumwa. Siku itafika, kofia ni yako."

Wasee, miezi mitano. Mota nimetoa kwa DVD iliyokufa. Injini ni mkebe wa mafuta ya kupikia, magurudumu ni vifuniko vya soda, viwili viwili vimegundishwa na supaglu. Behewa tatu za mikebe ya nyanya. Reli ni ile mikanda ya chuma ya kufunga mizigo, nimepigilia kwa ubao mrefu kama kitanda. Nimechora stesheni na rangi. Huku chini nimeandika VOI, kule mwisho MWATATE, na hapo katikati nimepanda vijiti vya mkonge, kwa sababu bila mkonge hiyo si Mwatate.

Jana jioni nikaongeza honi. Nilikuwa nimerekodi honi ya treni ya kweli kwa simu, nikaazima spika ya yule mhubiri wa sokoni, ile kubwa ya kubeba kwa bega. Nikaijaribu kwa sauti ya chini. Nywele za mkono zilisimama. Nimelala nikicheka peke yangu.

Leo saa nne asubuhi nikafika soko na ubao kichwani na spika mgongoni. Mzee ameshakaa kwa kistuli pale kwa Mama Wakesho, kofia kichwani, chai mkononi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mota.

Sasa, kupanda lazima mlima. Nikatafuta jiwe la kuinulia upande wa Mwatate, sikupata lenye limenyooka. Nikaangalia reli ya kweli. Wasee, kimo kilikuwa sawasawa, kama imetengenezwa kwa ajili yangu. Nikaweka VOI kwa kokoto, MWATATE nikaegemeza juu ya chuma cha serikali.

Mzee akauliza, "Hapo umeuliza kama kuna kitu kinakuja?"

"Mzee, leo ni Jumamosi. Line ya zamani Jumamosi hainaga treni. Iko kwa daftari."

"Na tokeni iko wapi?"

Tokeni, kwa wale hamjui, ni kile chuma dereva wa zamani alikuwa anapewa stesheni. Line ni moja, treni ni mbili, mwenye ako na tokeni ndiye anapita. Bila hiyo dereva hatoki, hata akiwa amebeba gavana. Mzee alishatuhadithia hiyo kitu mara elfu, mimi na Mama Wakesho. Mimi nikacheka.

"Mzee, hii ni ya mkebe. Tokeni ya nini?"

Akakunywa chai. (Hapo ndipo ningejua. Mzee akikunywa chai badala ya kujibu, kuna shida.)

Nikaunganisha waya kwa betri. Treni ikaanza kutembea, tikitikitiki, imeacha Voi. Nikafurahi vibaya sana. Nikaweka spika sauti ya mwisho, nikabonyeza honi.

Sikuwa nimefikiria mbele ya hapo.

Soko ilibebwa. Yote. Miavuli ikafungwa, nyanya zikapanda kwa vichwa, mama wa omena akazoa beseni, mteja wake mkono bado uko ndani, wakaenda pamoja. Mwanaume mmoja aliyekuwa anajaribu suruali ya mtumba juu ya suruali yake akaruka na mguu mmoja mpaka kwa kinyozi. Nusu dakika, line ilikuwa safi kama imefagiliwa.

Halafu watu wote wamejipanga kando, wanangoja. Na pale katikati, mkebe wa mafuta ya kupikia unatembea polepole, tikitikitiki.

"Ni nini hiyo?" mama wa omena akauliza.

"Ni treni," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Sitaandika yale nimeambiwa. Mengine yalikuwa ya Kidawida, lugha ya kwetu huku, na Kidawida cha hasira kinaingia mpaka kwa mfupa. Mama wa mitumba, ambaye rundo lake la nguo za watoto lilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu, aliniuliza kama nilizaliwa ama niliokotwa kwa behewa. Na treni yenyewe, kwa aibu, ikakwama pale kwa mkonge. Nusu ya mlima.

"Sawa, samahani, samahani," nikasimama katikati ya reli kama mwanasiasa. "Rudisheni vitu. Na msisumbuke tena. Kutoka sasa mkisikia honi, jueni ni mimi. Leo hakuna treni. Mimi ndiye najua treni hapa."

Wakarudisha, wakinung'unika. Mimi nikainama kurekebisha waya. Hapo spika ikaongea. Ndani ya ile spika kuna mama mmoja anaongeanga Kizungu betri ikiisha, anasema kitu halafu anazima. Akasema kitu, akazima. Sikumsikiliza. Nilikuwa na kazi.

Waya imeshika. Treni ikaanza kupanda tena. Nikawa naibembeleza, "Twende mama, twende, Mwatate ni hapo tu."

Honi ikalia.

Watu wakashtuka. Mama wa mitumba akashika nguo zake. Nikainua mkono, nimeupa mgongo upande honi inakotoka, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua:

"Tulieni. Ni mimi huyo."

Mzee akaweka chai chini. "Kijana, hiyo si yako."

"Ni yangu, Mzee. Nimeirekodi mwenyewe."

Honi ikalia tena, ndefu. Nikaangalia spika. Taa imezima. Nikaangalia simu. Iko mfukoni. Nikaanza kusikia kitu kwa nyayo, kama reli inatekenywa.

Nikageuka.

Ilikuwa troli. Ile ya mafundi wa reli, ndogo, ya mota, wamekaa wanaume wanne na makoti ya kung'aa, wanakuja. (Troli si treni. Daftari yangu ni ya treni. Nataka hiyo ieleweke.)

Hapa sasa ndio mnisikilize kwa huruma. Mtu anayejua treni angefanya nini? Angeinua ubao. Ingechukua sekunde mbili. Mimi nimeishi na ile treni miezi mitano, nimelala nayo kitanda kimoja. Nikaiacha. Nikaruka kama swara wa Tsavo, sijui nikielekea wapi, na nikaingia kichwa kwanza ndani ya rundo la nguo za watoto.

Nikiwa huko ndani, giza, nasikia watu wanapiga kelele. Nasikia breki. Nasubiri sauti ya mkebe ukipasuka. Haikuja.

Nikatoa kichwa. Katikati ya reli amesimama Mama Wakesho, mama wa nyanya, miguu imepanuka, ameshikilia ule mwavuli wake mwekundu umefunguka, ameuelekeza kwa troli. Ameusimamisha hivyo bila kutikisika. Troli imesimama hatua mbili kutoka kwa ubao. Na treni yangu, haina habari, bado inapanda.

Nyapara wa mafundi akashuka. Mtu mnene, mpole, wa kutisha. Akaangalia mkebe. Akasoma VOI. Akasoma MWATATE.

"Dereva wa hii treni ni nani?"

Soko nzima ikanyoosha kidole. Hata kinyozi kutoka kule mbali, na mashine mkononi.

Nikasimama. Nyapara akanitazama, midomo yake ikaanza kucheza. Nikajishika kichwa. Kutoka kwa lile rundo nilikuwa nimetoka nimevaa kofia. Ya sufu. Ya mtoto mchanga. Rangi ya waridi, na masikio mawili ya sungura.

Mzee Mghanga akasema polepole, "Naona kofia umeshapata."

Wasee. Kuna mtu alilala chini. Alilala kwa vitunguu, akicheka, akiomba maji.

Nyapara alijikaza. "Kijana, line hii ni moja. Sisi tuko na ruhusa yetu." Akatoa karatasi. "Wewe yako iko wapi?"

Nikamwangalia Mzee. Mzee akaangalia mawingu.

"Sina."

"Mwenye hana anafanya nini, Mzee?" nyapara akamuuliza, maana alishaona ile kofia nyeusi akajua anaongea na nani.

"Anarudi nyuma mpaka stesheni," Mzee akasema. "Na honi anapiga."

Treni yangu haina rivasi. Kwa hivyo nikapiga magoti, na masikio ya sungura, nikairudisha kwa kidole kutoka karibu na Mwatate mpaka Voi, mbele ya mafundi wanne, kina mama wote na simu sijui ngapi. Na kwa vile spika imezima, honi nilipiga kwa mdomo. Mara mbili. Ile ya kwanza nyapara alisema hakusikia.

Nikaondoa ubao. Troli ikapita. Nyapara akampigia Mama Wakesho saluti.

Nilidhani imeisha. Mzee akaniita.

"Rudisha ubao. Tumalize kazi."

"Mzee, bado?"

"Line imefunguka. Lakini omba kwanza."

Nikamwomba yeye. Akatingisha kichwa, akaonyesha Mama Wakesho. Nikamgeukia Mama Wakesho. Yeye akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainama akashika reli na kiganja, vile Mzee alitufundishaga, akangoja. Halafu akasema, "Pita, mwanangu."

Na wasee, ilipanda. Naapa. Ilipita mkonge, ikapita pale ilikwama, ikatetemeka kidogo, ikafika MWATATE na behewa zote tatu. Kina mama wakapiga vigelegele. Yule wa omena pia, aliyenitukana. Nilitaka kulia.

Mzee akasimama, akavua kofia. Nikainamisha kichwa kidogo, ili nimrahisishie. (Nimekubali. Niliinamisha.)

Akanipita.

"Treni imefaulu," akasema. "Dereva ameruka. Dereva haruki akiacha treni yake." Akaiweka ile kofia juu ya kitambaa cha kichwa cha Mama Wakesho. "Huyu miaka yote anasikiliza hadithi akipima nyanya, nikadhani anapitisha tu wakati. Kumbe alikuwa kazini."

Mama Wakesho alishika mdomo wa kofia, akaunyoosha kidogo. Inamkaa, wasee. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Inamkaa vizuri.

Mzee akaniambia nitengeneze rivasi, niache mambo ya kuruka, na mwaka ujao kuna beji ingine. Beji tu, ya shaba, lakini beji.

Naandika hii nikiwa hapa hapa sokoni. Nataka kupandisha treni mara moja tena kabla betri ya treni haijaisha, nimeomba ruhusa dakika ishirini zilizopita. Mama Wakesho amenijibu na kofia ya dereva kichwani: "Ngoja, napima nyanya."

Kwa hivyo niko Voi, nangoja. Na mwenye anasambaza ile video, tafadhali kata hapo kwa masikio.