Ankara ya Figo za Mama

Jumatatu, 14 Aprili. Monterrey.
Mgongo umekufa, lakini moyo unacheza. Wakati wa mapumziko Ubaldo, tunayefunga naye milango ya majokofu kiwandani, ametuambia serikali imemrudishia sehemu ya kodi kwa sababu mwaka jana alimtibia mkewe. Nikamuuliza, mama mzazi je? Akasema hata mama, mradi hana kipato. Mama yangu hana hata meno! Masharti mawili tu: ankara iwe na jina lako, na ulipe kwa kadi. Pesa taslimu haihesabiki.

Miguu ya mama imevimba. Figo. Hospitali ya serikali imetupa miadi ya Juni. Kliniki ya binafsi wanaweza kumsafisha damu hata kesho. Kumbe ugonjwa huu una faida!

Jumanne, 15 Aprili.
Kaka Crispín amepiga simu kutoka kwetu Oaxaca. Anataka kulipa yeye, leo hii, kwa kadi yake. Mjanja! Ankara itoke kwa jina lake, marejesho ale yeye. Anayeishi na mama ni mimi. Anayembeba kwenda chooni ni dada yetu mdogo Nazaria, sawa, lakini kodi ya chumba nalipa mimi. Nikamwambia ahsante, tunajiweza. Kesho ni zamu yangu ya upatu.

Jumatano, 16 Aprili.
Nimepokea upatu. Noti tupu, nimezijaza kwenye soksi. Nazaria akasema twende kliniki sasa hivi. Nikamweleza habari ya kadi. Akaniuliza kama nimerogwa. Nikakimbilia benki: wameshafunga, na kwa Wiki Takatifu hawafungui tena mpaka Jumatatu! Nikajaribu kuziweka kwenye mashine ya nje. Nikakosea namba ya siri, nikakosea tena. Ikameza kadi. Nikaipiga teke. Sasa mimi na mama tumevimba wote.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili.
Mama hali chakula. Uso umejaa, pumzi inakwama. Majirani walikuwa wanarudi kutoka maandamano ya Msalaba, Nazaria akanifokea mbele yao: “Kaka, hela umezivaa mguuni! Unamsubirisha nini huyu mama?” Nikamjibu kodi ni jambo la watu wazima. Mama akanishika mkono, akaomba tusigombane. Mama ana adabu. Si kama wengine.

Jumamosi, 19 Aprili.
Alfajiri hakuweza kusema. Nazaria akambeba hadi kwenye teksi, mimi nyuma nikihangaika kuvua soksi. Nilifika na noti zote mkononi. Daktari akasema tumechelewa. Hawakututoza kitu. Hata ankara hakuna.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili.
Crispín amefika kwa basi. Hakunipa mkono. Akaenda moja kwa moja kwa watu wa mazishi, akatoa kadi, mama asafirishwe leo akazikwe kwetu. Bahati nilikuwapo! Maana Ubaldo, alipokuja kunipa pole, alininong'oneza kwamba mazishi nayo yanahesabiwa. Nikaifunika ile kadi kwa kiganja. Nikasema mwenye ankara ni mimi, kadi yangu naichukua benki kesho. Crispín akaniangalia kama mtu asiyenijua. Nazaria akatoka nje. Mwenye duka la mazishi akauliza taratibu, sasa marehemu tumfanyeje? Nikamwambia amwache kwenye baridi mpaka benki ifunguliwe. Na asiandike jina la mtu mwingine yeyote.