Peja ya Kunusa Malaria

Redio alianza kutangaza kabla hata hajaketi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Dedan, lakini pale mtaa wa Umoja, kwenye benchi la Mzee Shamis muuza kahawa, hakuna aliyelikumbuka. Habari zote za dunia zilipitia mdomoni mwake kwanza, na zikitoka huko zilikuwa zimenenepa.

"Mmeskia? Hii mvua ya El Niño imetapanya malaria kila pembe. Sasa kuna mradi unapeana mashini ya kuinusa. Inavaliwa kwa mshipi. Na Umoja nzima wamempa nani? Huyu hapa!"

Macho yote yakamgeukia Andati. Andati akavuta fulana juu kidogo, kama mtu anayejikuna, ili kile kidude cheusi kionekane vizuri. Tangu kiwanda cha rangi kimwachishe kazi, miezi minane, mshipi wake haukuwa umebeba kitu kingine zaidi ya suruali.

"Si mashini, ni peja," akasema. "Ofisi wakinitaka, inalia. Naenda kibanda cha simu pale ng'ambo, nawapigia, nawaambia wiki hii ni watu wangapi wametoka mashambani na malaria. Hivyo wanajua mapema inaelekea wapi."

"Kumbe inalia, wewe unakimbia," akasema Wakili. Huyu aliitwa Kitonga. Aliwahi kufagia mahakama miaka miwili, na tangu hapo hakuna kesi iliyomshinda akiwa ameketi. "Kwetu kengele kama hiyo huvalishwa ng'ombe."

Benchi likaangua kicheko.

"Cheka tu, buda. Simu itaokoa watu."

"Itaokoa vipi? Mbu atapigiwa aseme halo?" Wakili akasimama, akamwinamia Andati, kidole kikimwelekea puani. "Mimi nimetoka Kitui, wiki ya pili sasa. Mbu wa huko wanabisha mlango! Niliumwa usiku kucha, na unaniona hapa, mzima kama—"

Tii! Tii! Tii!

Kikombe kikamponyoka Wakili.

"Imemnusa!" Redio akaruka nyuma. "Maze, imemnusa!"

Andati alijua ni ofisi. Alifungua mdomo aseme hivyo. Lakini alipomtazama Wakili, aliona midomo iliyokauka na macho mekundu, na yeye mwenyewe hakujua kama lililomshika ni huruma au ni raha ya kulipiza.

"Afadhali ukapimwe," akasema.

Wakampeleka zahanati. Ilikuwa malaria kweli, tena ya kumlaza kitandani siku nne. Wakili akarudi na vidonge mfukoni na imani mpya moyoni, na aliyoyahubiri yakafika hadi mtaa wa Komarock. Watu wakaanza kuja kusimama karibu na kiuno cha Andati. Peja ikilia, wanakimbia zahanati. Isipolia, wanarudi nyumbani wakimshukuru Mungu.

Hao wa pili ndio waliomkosesha Andati usingizi.

"Mama, mtoto anaungua. Mpeleke hata kama haijalia," alimwambia mama mmoja.

"Wewe unajua kushinda mashini?"

Mzee Shamis alikuwa akiyaona yote huku akipepea makaa. "Mwanangu," alimwambia siku moja, "siku ile ulinyamazia neno moja. Sasa waambie maneno elfu, tuone kama watakusikia."

"Nawaambia, mzee. Wanadhani nawaficha siri ya ofisi."

Mwezi uliofuata Andati akaenda Kakamega kumzika shangazi yake. Alirudi salama. Siku ya kumi na mbili, jua la saa saba likiwa kali, akajikunja benchini mikono ikiwa kwapani.

"Jamani, nasikia baridi."

"Haijalia," akasema Wakili.

"Kichwa kinapasuka."

"Na mashini iko hapo kiunoni! Ungekuwa na malaria si ingetutoboa masikio?"

"Ni peja, Wakili! Inalia mtu akiipigia!"

"Sasa anaropoka," Redio akatikisa kichwa. "Lakini si malaria. Hiyo ni njaa."

Andati akaona kubishana kutamuua kabla ya mbu. Akainuka, akavuka barabara akiyumba, akaingia kwenye kibanda cha simu. Akapiga nambari ya peja yake mwenyewe, kisha akaanza safari ya kurudi, akiomba Mungu afike benchini kabla haijalia.

Hakufika. Redio, ambaye kwa roho hakuwa mtu mbaya, alimwona akipepesuka, akamwendea kumshika mkono.

Tii! Tii! Tii!

"Redio!" Wakili akapiga yowe. "Imemchukua Redio!"

Redio akajilaza chini papo hapo. "Nilijua! Tangu asubuhi mgongo haukuwa wangu! Mwambieni mama watoto nampenda!"

Wakambeba wanaume wanne, Wakili mbele akifukuza watu njiani, benchi zima nyuma. Andati akabaki ameegemea nguzo, anateleza chini polepole.

Mzee Shamis akafuta mkono kwenye kikoi, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Lahaula! Unaungua, mwanangu." Akaliacha birika lake juu ya moto, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akampitisha Andati mkono begani, wakajikokota hadi zahanati.

Sista alimtoa damu, akaenda, akarudi na karatasi.

"Malaria, tena kali. Utalala hapa." Aliandika bila kuinua macho. "Na ukipona, lazima mhudumu wa peja wa Umoja akuweke kwenye hesabu yake. Mtafute. Anaitwa Andati."

"Ndiye huyu," akasema Mzee Shamis.

Sista akainua macho. Na hapo kiunoni pa mgonjwa, tii, tii, tii: ofisi ilikuwa ikitaka ripoti ya wiki.

"Sista," Andati akasema, meno yakigongana, "nipigie hiyo simu yako ya mezani. Waambie Umoja, wiki hii, ni mmoja."

"Wawili!" sauti ikapaa kutoka kwenye korido, ambako Redio alikuwa amepimwa mara tatu na kukutwa mzima kama chuma. "Andika wawili! Hii darubini yao ndiyo mgonjwa!"