Sukari ya Kahawia Haina Hatia

Jumatatu, 9 Juni

Zahanati. Muuguzi kanichoma kidole, katazama kipimo chake, kaguna. Sukari imepanda, anasema. Haijawa ugonjwa, ila iko mlangoni. Eti niache sukari kwenye chai. Mimi! Mtu ninayekula mchicha, maharage na samaki, nisiyegusa soda! Nimemwambia sukari ikiingia kwenye mwili uliojaa mboga inakosa hata pa kukaa. Akauliza ni vijiko vingapi kwa kikombe. Nikasema inategemea kikombe.

Mke wangu kaigawa sukari yote kwa majirani kabla sijavua viatu. Kisha kammwagia mtama mjomba, mwenye karakana ya useremala tunayofanyia kazi mimi na shemeji, yaani mdogo wake mke wangu. Jumamosi hii mjomba anastaafu na kumkabidhi mmoja wetu funguo za karakana. Sukari ilishamkata yeye mwenyewe kidole cha mguu, kwa hiyo kasema waziwazi: hampi funguo mtu asiyejihurumia. Funguo ni zangu! Nazingoja tangu shemeji hajui kushika msumeno.

Jumanne, 10 Juni

Akili ni mali yangu! Nimenunua sukari ya kahawia. Haijasafishwa sana, kwa hiyo iko karibu na mboga. Hata rangi yake ina afya. Nimeificha karakanani, kwenye kopo chini ya meza yangu, nikaandika juu: UNGA WA MBAO. Ndio ule unga laini wa msumeno tunaouchanganya na gundi kuzibia matundu ya misumari. Rangi moja kabisa. Nimekunywa vikombe viwili vya chai kwa jeuri. Muuguzi na apime atakavyo.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji na kimbelembele chake! Kanifuma nikikoroga. Kwamba naweka unga wa mbao kwenye chai? Macho yamemtoka. Nimemwambia una nyuzinyuzi, unafagia tumbo. Kakimbilia kwa dada yake.

Jioni nimemkuta mke wangu jikoni analia. Anasema kuninyima sukari kumenirusha akili, na hataki kuwa mjane kwa sababu ya mbao. Roho imeniuma kweli. Nusura niseme. Nikaomba niongezewe maharage.

Lakini mjomba! Kazipata habari, kanishika bega mbele ya mafundi wote, kasema hajawahi kuona mtu anayejinyima kiasi hiki. Shemeji alikuwa amenuna hadi shingo. Nimeula!

Ijumaa, 13 Juni

Kabati la dawa tulilotengenezea zahanati lilikuwa tayari. Muuguzi kaja kulichukua, mjomba kasimama pembeni akijisifia kazi. Muuguzi kainama. Kauliza kwa nini linatembea.

Sisimizi! Kila tundu la msumari limejaa, wengine wanaingia, wengine wanatoka, wametulia kama wenye nyumba. Shemeji ndiye aliyeziba matundu jana. Kaapa kwamba alichanganya gundi na unga kama siku zote, unga wake uliisha ndiyo maana akaazima wangu. Akaleta kopo.

Mjomba kachovya kidole, kalamba, kampa muuguzi kopo. Muuguzi naye kalamba. Nimesema labda mti wenyewe ulikuwa mtamu. Hakuna aliyecheka. Mjomba kaketi kwenye benchi, kavua kiatu na soksi, akanionyesha mahali kilipokuwa kidole chake. Nilitazama dirishani mpaka akavaa tena.

Bado nasema: mtu anayekula mchicha kama mimi hakustahili kuonyeshwa mguu ule.

Jumapili, 15 Juni

Jana shemeji kakabidhiwa funguo. Kazining'iniza kiunoni, na anatembea kwa kuzichezesha, makusudi kabisa. Amri yake ya kwanza: makopo yote ya unga yatafunguliwa mbele yake kila asubuhi. Amri ya pili: mimi nihamie meza ya kung'arishia mbao kwa vanishi, kule mwisho wa karakana, peke yangu. Yaani mtoto niliyemfundisha kupiga randa!

Mke wangu kanisamehe. Kanishika mikono yote miwili, akaniambia hataki funguo, ananitaka mimi, na niishi. Nikamwahidi, mjomba akiwa shahidi, kwamba sukari basi, iwe nyeupe, iwe ya kahawia. Nimeahidi kwa moyo mweupe, machozi yakinilenga. Na nikitoa neno nimetoa.

Bahati nzuri asali si sukari. Ni dawa, hata watoto wanajua. Nimenunua chupa mbili. Nimeinyanyua moja kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama vizuri, na nakiri kwamba fundi yeyote angeapa ni vanishi.