Mkurugenzi Aliyeganda

Siku Mubashara alipogundua kwamba binadamu anaweza kuheshimu picha iliyoganda kuliko mtu anayetembea, alikuwa dirishani kwake, ghorofa ya kwanza, anapiga mswaki saa tano asubuhi. Hakuwa na kazi ya kuwahi. Kazi yake ilikuwa watu, na watu hawakosekani.

Ng'ambo ya barabara, mlangoni mwa duka lake, Mama Mapazia alikuwa anaongea na mteja kwa simu ya video. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya biashara yake. Sauti alipewa na Mungu, na mtaa mzima uliisikia bila kutaka.

"Naona umeganda, mpendwa!" alikuwa anaiambia simu. "Mtandao huo! Lakini usijali, mimi nipo, nakusubiri."

Na kweli akamsubiri. Dakika ishirini mama wa watu amesimama juani, anaitabasamia simu, anaitikia kwa kichwa, asije akaonekana hana adabu.

"Huyu," alisema Mubashara, povu likimchuruzika kidevuni, "huyu ni wangu kabisa."

Inabidi nikueleze kipaji chake, maana bila hicho utadhani nakudanganya. Shuleni, katika mchezo wa kuganda, hakuna aliyewahi kumshinda. Siku moja kengele ya kwenda nyumbani ililia, watoto wakatawanyika, mlinzi akafunga geti, yeye bado amesimama kwa mguu mmoja. Wengine wamejaliwa sauti, wengine miguu ya mpira. Yeye alijaliwa kutotikisika, na miaka yote hiyo hakujua akakiuze wapi kipaji chenyewe.

Mchana akapiga simu, sauti nzito.

"Naongea na mwenye duka la mapazia? Hapa ni ofisi ya Mkurugenzi, hoteli ya kimataifa, vyumba mia tatu. Tungependa kufanya nawe mkutano wa video."

"Mkutano wa video ndiyo nini tena, mheshimiwa? Kama ile ya kuongea na shemeji?"

"Ya shemeji ni maongezi, mama. Huu ni mkutano. Zamani mtu alisafiri siku mbili, akalala kwenye benchi, akaingia ofisini akaambiwa 'tutakujulisha'. Siku hizi teknolojia imekua. Unaambiwa 'tutakujulisha' ukiwa nyumbani kwako, umevaa kandambili."

"Jamani, dunia imefika mbali!" alisema Mama Mapazia, na akili yake ikawa tayari iko kwenye vyumba mia tatu. Tusimsingizie utakatifu. Pale pale alishapanga kuwaonyesha kitambaa kizito, kisha ashone mia tatu kwa kile chepesi cha kuchujia chai.

Mkutano wa kwanza ulifanyika siku iliyofuata. Mubashara alivaa koti na miwani isiyo na vioo. Chumba chake kilikuwa na tundu moja la umeme, na waya wa kompyuta ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilimbidi akae hapo hapo, kisogo kikiangalia dirisha. Dirisha akaliziba kwa shuka.

"Hoteli yenyewe iko upande gani hasa, mheshimiwa?" aliuliza Mama Mapazia.

"Iko u..." alisema Mubashara, akaganda. Mdomo umechongoka, kidole kimoja hewani.

Mama Mapazia akasubiri kwa adabu zake zote. Swali lilipopoa, Mubashara akarudi.

"...na ndiyo sababu tumekuchagua wewe. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri," alisema Mama Mapazia, akiona aibu kusema kwamba jibu lenyewe limempita.

Kila swali gumu lilikutana na mtandao mbovu. Mwisho wa mkutano ikakubaliwa kwamba bodi haiwezi kuamua kwa kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja. Bodi inataka kushika majora mazima, ya rangi zote. Jioni mkokoteni ukaja, ukapakia vitambaa vyote vya duka, ukavizungusha mitaa minne, ukaja kuvishusha kwenye mlango wa nyuma wa jengo la ng'ambo, la Mubashara mwenyewe. Vilisafiri saa nzima kuvuka barabara moja.

Mama Mapazia alibaki na rafu tupu, vyerehani vinane na matumaini. Majora yale ndiyo yalikuwa duka lenyewe, na alilala anayahesabia madirisha ya hoteli.

Mkutano wa pili ulikuwa wa vyerehani. Mubashara alikuwa ameshapata dereva wa kuondoka naye na mali yote saa kumi. Shuka lake akalitoa dirishani, akatundika kitambaa kimoja cha Mama Mapazia, cha maua ya buluu, ili ofisi ipendeze.

"Bodi imefurahi," alisema. "Sasa wakaguzi wanataka kuviona vyerehani. Tutavifuata leo hii. Sema ndiyo tu, mama."

"Nasema ndiyo, mheshimiwa. Ila niambie kwanza, mapazia yenyewe yawe na urefu gani?"

Mubashara akaganda. Aliganda kifundi, jicho moja nusu, mdomo kama anayeanza kupiga mluzi. Nyuma yake upepo wa saa nane ukaingia dirishani, pazia likajaa, likanyanyuka, likashuka taratibu.

Mama Mapazia akatazama. Picha yake ikatikisika kidogo, ikawa nyeusi, ikarudi. Sasa naye alikuwa ameganda, anatabasamu, kidevu juu.

Mubashara akangoja. Inzi akatua kwenye pua ya Mama Mapazia, akatembea mpaka kwenye nyusi, akanawa mikono, akaruka. Mama hakupepesa.

"Inzi anatembea," aliwaza Mubashara. "Kumbe mtandao upo! Mama huyu ananipima!" Badala ya kuogopa, alijisikia kuheshimiwa. Mara ya kwanza maishani amepata mpinzani. Atakayetikisika mwanzo amekwisha, na vyerehani vinane havimpotei mtu hivi hivi.

Nyuma yake mlango ukafunguliwa. Akasikia viatu. Akasikia jora likiburuzwa, kisha la pili. Jasho likamtoka, akalikataza lisitiririke. Nikigeuka, aliwaza, vyerehani basi. Acha wachukue mawili matatu, faida bado ipo.

Jora la kumi lilipopita, mwanamume akauliza, "Dada, na godoro?"

"Beba, mdogo wangu. Nani kakuambia uchague?"

Sauti ile haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka nyuma ya sikio lake. Mubashara akaitazama tena ile sura yenye tabasamu, na ndipo akaona ukingo wa fremu. Alikuwa anashindana na picha ya ukutani, iliyoegeshwa mbele ya simu.

"Mheshimiwa," alisema Mama Mapazia, akipita huku na huku kama mwenye nyumba, "miaka kumi na tano nauza mapazia. Mimi uso wa mtu siujui, najua dirisha lake. Mtandao umekata, wewe umeganda, mbona pazia linacheza? Halafu likanyanyuka, nikaona duka langu, na mimi mwenyewe mlangoni nimeshika simu. Na hicho kipara chako mimi nakiona kila asubuhi ukitema mate!"

Mubashara hakutikisika. Usimwone mjinga. Akiwa ameganda, yeye ni Mkurugenzi, yuko mbali, tatizo ni la mtandao. Akigeuka tu, ni mwizi, na yuko hapa hapa chumbani.

"Kiti je?" aliuliza mdogo mtu, fundi wa friji, mtu wa mikono mipana.

"Kiti kizuri hicho."

Fundi akampitishia mikono kwapani, akamnyanyua, akakisukuma kiti pembeni kwa mguu, akamkalisha juu ya ndoo. Magoti ya Mubashara yalibaki yamekunjwa vilevile, mdomo uko kwenye mluzi.

"Loo, huyu ana kipaji," alisema fundi kwa dhati.

Pazia nalo likatolewa. Mwisho Mama Mapazia akaishika kompyuta, akainama akamtazama usoni.

"Kwa hiyo, mheshimiwa, tumefurahi sana kwa mkutano. Tutakujulisha."

Akachomoa waya, akaondoka nayo.

Mubashara akabaki juu ya ndoo, anautazama ukuta mtupu, upepo unampiga kisogoni. Alisikiliza hatua zikishuka ngazi. Alisikiliza barabara. Akangoja kimya kitimie, akangoja tena, kwa usalama. Dakika ishirini zilipopita, midomo ikamlegea.

"Haloo?" alinong'ona. "Kuna mtu ananisikia?"

Dirisha lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara, kwenye kile kiti cha Mubashara, katikati ya majora yake na nusu ya mtaa, Mama Mapazia alikuwa amekaa anamsubiri kwa adabu zake zote.

"Tunakusikia!" walijibu wote. "Tunakusikia vizuri sana, mheshimiwa! Endelea!"